Mstari Uliohama

Shoka lilipoingia mara ya nne, kipande cha mwaloni kilichomoka kizima, na gome lake na alama yake, kikaanguka miguuni pa Kapteni Tunowi. Alikiokota, akakipangusa kwa kiganja na kukigeuzia jua.

"Mti huo una wenyewe wawili, Taifa na jimbo," alisema Wilnota, aliyekuwa ameketi juu ya gogo akijipepea kwa kofia. "Utashtakiwa pande zote."

"Kazi yako ni kushika farasi."

"Farasi ndiye anayenishika mimi, Kapteni. Tangu alfajiri ananiangalia kwa jicho la kunisuta."

Miongoni mwa askari farasi wote wa Taifa la Wacheroki, hakuna aliyemzidi Wilnota kwa unene, wala hakuna aliyemzidi kwa kusoma nyayo. Tunowi aliyavumilia maneno yake kwa sababu ya hilo la pili.

Ilikuwa Jumanne. Jumapili asubuhi Obed Hargis, mkata alama wa kikosi cha wapima ardhi, alikutwa amelala kifudifudi kando ya kijito, kisogo kimepasuka kwa pigo la kisigino cha shoka. Kabla jua halijafika utosini, wanamgambo wa jimbo la wazungu lililopakana na Taifa walikuwa wameshavuka na kumchukua Salowi, kijana wa ukoo wa Ndege mwenye miaka ishirini na moja, wakamfungia katika mahabusu ya magogo ng'ambo ya mto Hiwassee. Hakimu alitarajiwa Alhamisi. Watu waliotoka huko walisema kamba ilikuwa imeshatupwa juu ya tawi, ikimsubiri hakimu.

Kesi yao ilikuwa fupi. Wapima ardhi walipopitisha mnyororo wao wa kupimia katikati ya mahindi ya Aniwaki, mama yake Salowi, kijana aling'oa vigingi viwili na kutamka mbele ya watu kumi kwamba atakayekata alama nyingine katika shamba lile atauacha mkono wake hapohapo. Siku tatu baadaye mkata alama akafa.

Mahakama ya jimbo haikupokea neno la Mcheroki dhidi ya mzungu. Tunowi angeweza kusimama mle ndani na kusema mpaka sauti ikauke, karani asingechovya kalamu. Mlango mmoja tu ndio uliobaki wazi, nao ni mahali maiti ilipolala. Mkataba wa mwaka juzi uliweka mpaka kati ya Taifa na jimbo. Kusini mwa mpaka, muuaji ni wa Taifa na kijana lazima arudishwe. Kaskazini mwake, ni wa kamba. Na mpaka wenyewe haukuwa ukuta wala mto. Ulikuwa chale za shoka juu ya miti.

"Njoo uone," alisema Tunowi.

Alitoa kwenye mkoba wa farasi kipande kingine, alichokikata asubuhi ileile juu ya kilima, nusu maili kaskazini ya hapo. Kilima kizima kilikuwa kimeungua. Moto ulipita huko majira ya kuchipua, na kwa kuwa wawindaji huchoma misitu kila mwaka, hakuna aliyeuliza. Ila mwaloni mmoja uliokuwa kwenye majimaji uliungua gome tu.

Akaviweka vipande viwili juu ya gogo, bega kwa bega.

"Ukiukata mti, pale ulipokata hapaoti tena. Gome la pembeni ndilo linalojikunja kufunika kidonda, kidogo kidogo, tabaka moja kila mwaka. Hesabu hili la kilimani."

Wilnota aliinama, akapitisha kucha. "Mbili. Moja nene, ya mwaka jana. Na ya mwaka huu, haijamaliza."

"Mpaka ulikatwa mwaka juzi, majani yakianguka. Kwa hiyo mbili ni sawasawa. Sasa hili la hapa chini."

"Moja." Wilnota akarudia tena kwa kucha, polepole. "Moja, tena nyembamba kama unyasi. Hii imekatwa mwaka huu."

"Majira ya kuchipua. Moto ulipokuwa ukiunguza ile mingine."

"Lakini uso wake ni mweusi, Kapteni. Unaonekana mzee."

Tunowi alilamba kidole gumba na kukisugua juu ya uso wa chale. Kidole kilitoka na rangi ya kahawia iliyoiva. Akakisugua kwenye suruali. Rangi haikutoka.

Wilnota aliacha kujipepea. "Hiyo ni rangi ya vikapu. Mizizi ya mjozi."

"Ndiyo."

"Mama yake Salowi anasuka vikapu."

"Najua."

"Basi tumechimba kaburi la kijana kwa jembe letu wenyewe."

"Fikiri kabla ya kulia. Shamba la mama yake liko upande gani wa mti huu?"

Wilnota aligeuka. Chini yao, ng'ambo ya kijito, mahindi ya Aniwaki yalisimama mabichi, na mbele yake mto, mahali unapopungua na kuvukika. Mpaka wa kilimani uliyaacha yote kwenye Taifa. Chale hizi mpya zilishuka mpaka ukingoni mwa mto, zikilikata shamba katikati na kuliachia jimbo kivuko.

"Kijana asingejiibia," alisema Wilnota.

"Asingejiibia. Na tazama hapa." Tunowi alikiinua kipande tena, akakiinamisha ili mwanga ulale juu yake. Kila mahali shoka lilipopita, palibaki uzi mwembamba ulioinuka juu ya mti, upana wa kidole kutoka ncha ya chini. Uzi uleule, umbali uleule, pigo baada ya pigo. "Shoka hili lina pengo. Kila lilipokata, liliacha sahihi yake. La kilimani halina. Hargis alikuwa analinoa shoka lake kama wembe."

* * *

Bwana Strother, mkuu wa wapima ardhi, alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye wino kwenye vidole na mavumbi kwenye kope, na hakuinua macho Tunowi aliposhuka kwenye farasi.

"Kama umekuja kuniombea kijana, Kapteni, umepotea njia. Mimi napima ardhi, sipimi watu."

"Nimekuja kuuliza juu ya Jumamosi. Wewe na Hargis mligombana."

"Nani kasema?"

"Mpishi wako. Anasema ulirusha kikombe."

"Kilikuwa changu, nikakirusha." Strother alikaza kamba. "Sasa nimekuwa mshukiwa?"

"Ulikuwa wapi usiku ule?"

"Kwenye hema, na watu sita, wanne wao wakikoroma. Waulize wawili waliobaki."

"Nimeshawauliza. Mligombania nini?"

Strother aliketi juu ya sanduku la dira kama mtu aliyechoka ghafla. "Alisema kazi yangu ni bure. Mbele ya watu wote, mezani. Mwaka juzi sikuwepo mimi, alikuwepo yeye, alitembea mpaka wote na shoka begani. Mwaka huu tumetumwa kuupima upya kwa ajili ya ramani. Nimezikuta alama, nimezifuata. Hargis alikuwa mgonjwa wa tumbo wiki nzima, amelala garini. Jumamosi akatoka, akaona miti mitatu, akaja akaniambia, 'Hizi si zangu.' Nikamwambia amelewa. Hakuwa amelewa. Mimi ndiye niliyekuwa na maili kumi na moja kwenye daftari na sikutaka kusikia."

"Nani mwingine alisikia?"

"Watu wangu. Na Vickery, mwenye duka. Alikuja na pipa la pombe."

Tunowi aliweka vipande viwili mbele ya miguu yake. Strother aliviangalia kwanza kwa dharau, kisha kwa shingo iliyoinama, kisha kwa kioo cha kukuzia alichokitoa mfukoni. Alihesabu matabaka ya gome mara tatu. Masikio yake yakawa mekundu.

"Nusu maili," alisema hatimaye. "Nimekosea nusu maili nzima."

"Umedanganywa nusu maili. Maiti ililala wapi, Bwana Strother?"

"Kama mpaka ni wa kilimani, ililala kwenye Taifa lenu." Alikirudisha kioo mfukoni. "Nitaandika hivyo na kutia sahihi, na hakimu itabidi asome, maana sahihi yangu ni ya mzungu. Lakini nisikilize. Hakimu ataniuliza, basi Hargis kauawa na nani? Nikinyamaza, wale wanamgambo watamnyonga kijana kwanza, halafu ndipo wasome daftari langu. Hawatamwachia mtu aliye mkononi mwao bila kuonyeshwa mwingine. Niletee aliyezikata chale hizi. Aseme mbele yangu, kwa mdomo wake, niandike."

"Lini unaondoka?"

"Kesho alfajiri. Nikichelewa zaidi sitafika Alhamisi, na nisipofika Alhamisi hakuna haja ya kufika."

* * *

Duka la Enoch Vickery lilinuka ngozi za kulungu na chumvi. Mwenyewe aliegemea kaunta, mikono ya shati imekunjwa, akitafuna tumbaku. Alikuwa na kibali cha kufanya biashara kwenye Taifa kwa miaka tisa na alizungumza Kicheroki vizuri kuliko baadhi ya Wacheroki.

"Kapteni Tunowi! Na umekuja na Wilnota. Nizibe pipa la nyama?"

"Ziba mdomo kwanza," alisema Wilnota. "Nyama nitaisamehe."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?" aliuliza Tunowi.

"Hapahapa. Najihesabia misumari."

"Strother anasema ulikuwa kwake na pipa."

Vickery alitema tumbaku kwenye kopo, bila haraka. "Basi nilikuwa kwake na pipa. Mtu ana kumbukumbu moja tu, Kapteni, nayo inazeeka."

"Ulimsikia Hargis akisema alama si zake."

"Nilisikia mlevi akimtukana bosi wake. Hilo nalisikia kila Jumamosi."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Tunowi alizunguka duka polepole. Chini ya dirisha kulikuwa na jiwe la kunolea, gurudumu zima kwenye kiti chake, ambalo watu wa bonde zima walilitumia. Kwenye birika lake maji yalikuwa na tope la chuma, jeusi, zito.

"Nani amenoa hapa tangu Jumapili?"

"Nusu ya bonde. Mavuno yanakaribia."

"Mahindi hayavunwi kwa shoka."

Vickery alicheka kwa pua. Tunowi alikuwa ameshafika pembeni, kwenye marobota ya blanketi. Nyuma yake kulikuwa na mzingo wa kamba mpya, nene kama mkono wa mtoto, bado umefungwa kama ulivyotoka mjini Knoxville.

"Na hii ya nini? Duka lako halina mto."

"Mto una watu. Watu wanataka kuvuka."

"Kuvuka wapi? Kivuko kiko kwenye shamba la Aniwaki, na Aniwaki hajampa mtu ruhusa."

"Leo kiko kwake," alisema Vickery, na safari hii hakucheka. "Ramani mpya ikitoka, ruhusa itatoka kwa jimbo, na jimbo linanipenda. Huna la kunifanya, Kapteni, na unalijua. Unaweza kunifukuza. Nitavuka mto, nitajenga duka lingine, nawe utakuja kununua chumvi. Kwa hiyo uliza unachotaka."

"Ulimpanga nani awe mwendesha kivuko?"

Kwa mara ya kwanza tumbaku ilisimama mdomoni mwa Vickery. Kisha ikaendelea.

"Mtu anayeujua mto," alisema. "Sasa kama hamnunui kitu, mnanizibia mwanga."

* * *

Aniwaki aliwaona wakishuka na mteremko, akawasubiri mlangoni na kata ya mti mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono iliyogeuka kahawia mpaka kwenye viwiko kwa miaka ya kusuka.

"Umekuja na mwanangu au umekuja na maneno?"

"Maneno, dada."

"Basi kunywa kwanza."

Uji mchachu wa mahindi ulichotwa kutoka chungu cha mlangoni, kama anavyochotewa kila anayefika, rafiki au adui, na hakuna neno la maana linalosemwa kabla ya kunywa. Tunowi alimaliza kata yake. Wilnota aliomba ya pili. Kando ya ukuta, sufuria kubwa ya chuma ilichemka juu ya moto mdogo, na ndani yake vipande vyembamba vya mianzi vilikuwa vikinywa rangi.

"Sufuria hii imewahi kutoka hapa mwaka huu?" aliuliza Tunowi.

"Unakamata sufuria sasa?"

"Nijibu tu, dada."

"Imetoka mara moja. Kaka yangu aliiazima, na rangi yake ndani. Majani yalikuwa ndiyo kwanza yanachipua. Alisema anachemshia mitego ipoteze harufu ya chuma, akairudisha tupu, na mimi nikachimba mizizi upya na mgongo huu." Akaikoroga sufuria kwa kijiti. "Kwa nini?"

Wilnota, aliyekuwa ametega mitego tangu akiwa mtoto, aliishusha kata kabla haijafika mdomoni. Mitego huchemshwa majani yakianguka, mnyama anapoota manyoya ya baridi. Majani yakichipua ngozi haina thamani na mitego imetundikwa ukutani.

Aniwaki alikuwa anamtazama. "Mbona umeacha kunywa?"

"Nimeshiba, mama."

"Wewe? Umeshiba?"

Aniwaki alikiweka kijiti cha kukorogea chini, taratibu, kana kwamba kingevunjika.

"Tawiska yuko nyumbani?" aliuliza Tunowi.

"Yuko," alisema Aniwaki. "Yuko tangu Jumapili. Hatoki."

* * *

Nyumba ya Tawiska ilikuwa hatua sitini kutoka kwa dada yake, kama inavyofaa nyumba ya mjomba kuwa karibu na wapwa zake. Yeye ndiye aliyemfundisha Salowi kutega, kurusha shoka, na kuogelea mtoni wakati wa baridi. Walimkuta ameketi kivulini akichonga mti mrefu ulionyooka. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, nadhifu, kilemba kimefungwa vizuri.

"Karibuni. Dada amewapa uji?"

"Ametupa." Tunowi alibaki amesimama. "Upondo huo ni mrefu sana kwa mtumbwi wako."

"Mto ukijaa unahitaji mrefu."

"Hata mto ukijaa. Huo ni wa pantoni."

Tawiska aliendelea kuchonga. Wilnota alikwenda kwenye rundo la kuni nyuma ya nyumba, akaanza kuinua magogo moja moja. Aliyatazama yale ya juu na kuyaweka pembeni. Halafu ya chini. Alitoa moja, akalileta na kulilaza miguuni pa Tunowi bila utani wowote. Tunowi aliweka kipande cha mwaloni juu yake. Kwenye ncha iliyokatwa, chale baada ya chale, ulikuwepo uzi uleule ulioinuka, upana wa kidole kutoka chini.

"Ya juu ni laini," alisema Wilnota. "Yamekatwa juzi au jana. Ya chini yote yana mstari."

Shoka lilikuwa limeegemea kizingiti. Makali yake yalikuwa meupe, yamenolewa mpaka yakarudi nyuma kiasi cha ukucha mzima.

"Mashoka yenye pengo yako mengi," alisema Tawiska.

"Yako mengi. Yenye pengo, na rangi ya mjozi, na mwenyewe aliyechemsha mitego majani yakichipua, nimeona moja."

Kisu kilisimama juu ya upondo.

"Vickery alikuja kwako Jumamosi," alisema Tunowi.

"Sikumwita."

"Lakini alikuja. Akakwambia Hargis amezikana alama."

"Alikuja." Tawiska alilikwangua vumbi la mti kutoka gotini. "Nilikwenda kuongea na Hargis, Tunowi. Alikuwa pale kwenye mwaloni na kibatari, anapapasa papasa. Nilimwomba anyamaze. Nilimwambia Strother ameshaandika, wewe utapata nini? Akasema kazi ni kazi. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuhesabu. Angalau angebishana nami. Alinigeuzia mgongo kama mimi ni mti."

"Na Salowi?"

Mzee alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali fulani.

"Zamani, mtu wa ukoo akiua, wale waliofiwa walikuja kutaka mtu. Mtu mmoja wa ukoo. Hawakuuliza ni yupi. Mjomba au mpwa, mzee au kijana, akitolewa mmoja mambo yamekwisha, wanaobaki wanalala. Mzungu alikuja akachukua mmoja. Mimi ningebaki na kivuko. Ningemtunza dada, ningewatunza watoto wake wadogo. Salowi hana mke, hana mtoto. Ukoo umetoa mmoja. Nilihesabu hivyo."

"Sheria hiyo tuliifuta miaka kumi iliyopita. Ulikuwa barazani. Uliitikia."

"Niliitikia. Mdomo ni wepesi."

"Utakuja nasi kwa Strother, useme maneno haya mbele yake."

"Na Vickery? Sheria yako inamfika?"

"Haimfiki."

"Basi nami sisemi." Tawiska aliuokota upondo tena. "Una gogo na rangi. Nenda na gogo lako mahakamani. Bila mdomo wangu huna mtu, na Alhamisi itapita. Ikipita, hata nikisema haitasaidia, na hutakuwa na sababu ya kunitaka."

Wilnota alisonga mbele. Tunowi alimzuia kwa mkono. Mtu aliyeburutwa akiwa amefungwa angefika kwa Strother akiwa bubu, na Strother alitaka maneno.

"Kaka."

Aniwaki alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Mikono yake ya kahawia ilining'inia.

"Dada, rudi ndani," alisema Tawiska.

"Shamba lile ni la nani?"

"Dada."

"Ni la nani?"

"Ni lako."

"Kabla yangu?"

"La mama."

"Na mama alilipata kwa mama yake. Wewe halikuwa lako hata siku moja, hata siku ulipokula mahindi yake." Sauti yake haikupanda. "Nilikupikia Jumapili. Ulikaa pale mlangoni ukala, watu wakimfunga mwanangu mikono, nami nikakwambia, kaka, fanya kitu. Ukasema, tutaona."

"Nilifikiri juu yako. Ungebaki na mtu wa kukuvusha uzeeni."

"Umenichagulia nibaki na nani." Alisogea mpaka akasimama mbele yake. "Hukuniuliza. Sasa niulize."

Tawiska aliinua uso. Ulikuwa umejaa mikunjo ambayo walipofika haikuwepo.

"Niulize, kaka."

"Unamtaka nani?"

"Panda farasi," alisema Aniwaki.

Upepo ulipita juu ya mahindi, yakagusana. Tawiska aliutazama upondo, kisha akauegemeza ukutani, sambamba na magogo, kama mtu anayeweka kitu atakachokihitaji kesho.

"Nikipanda, sirudi."

"Najua."

"Na yeye hujui kama atarudi. Wale ng'ambo—"

"Hilo pia najua. Panda."

Akasimama. Alikwenda kwenye pipa, akanawa uso, akafunga upya kilemba chake ingawa hakikuwa kimelegea. Wilnota alimletea farasi wake, yule aliyemlalamikia tangu alfajiri, na yeye mwenyewe akashika njia kwa miguu. Tunowi alitoa kamba kwenye tandiko. Hapo Aniwaki aliweka kiganja juu ya mkono wake.

"Si hapa," alisema. "Si mbele yangu."

Tunowi aliirudisha kamba.

Walipita katikati ya mahindi, kwenye njia nyembamba, Tawiska mbele juu ya farasi, majani yakimpiga magotini. Hakugeuka. Wilnota aligeuka mara moja, akaona mlango wa nyumba ya dada uko wazi na mwanamke bado amesimama pale walipomwacha, akageuza uso wake tena kwa haraka.

Mahindi yalipokwisha, kwenye mstari wa mwisho, Tawiska alimsimamisha farasi mwenyewe. Alitazama nyuma juu ya vishada vya mahindi. Kutoka pale nyumba haikuonekana.

"Hapa," alisema. "Hapa haoni."

Akaileta mikono yake yote miwili mbele.